Habari Nilizomletea Matika

Nilipofika msibani Zuzu wiki mbili zilizopita, waliniletea chai ya maziwa, nami kabla ya kuinywa nikainusa. Sikukusudia. Pua ilikwenda yenyewe. Ester, binti wa marehemu, aliniona akacheka katikati ya machozi yake. "Bado tu, Mama Mabruk?" akasema. "Miaka yote hii bado unatunusia vyombo?" Wanawake waliokaa mkekani wakacheka pia, nami nikainywa chai yote kwa mkupuo hata ikaniunguza koo, kwa aibu. Ndivyo nilivyo. Mjukuu wangu akisifu mchuzi wangu, namtazama usoni nijue anataka nini. Jirani akinisalimia mara mbili asubuhi moja, nahesabu kuku wangu. Watoto wangu husema nilizaliwa hivi. Si kweli, nilifundishwa, na ninaukumbuka mwaka na chumba nilichofundishiwa.

Marehemu ni Matika, rafiki yangu wa karibu miaka hamsini. Nilikwenda kumzika pamoja na mwanangu wa kwanza, Mabruk, aliyenibeba kwa lori lake kutoka Chang'ombe. Kabla ya kwenda makaburini mzee wa ukoo alisema mwenye neno aseme. Ester akanisogelea sikioni. "Na wewe utasema, Mama. Leo tunamwomboleza na kaka Ndahani. Mama hakukubali aombolezwe maisha yake yote, kwa sababu yako. Utatuambia zile habari zake." Nilijua ni habari zipi. Nikaweka kikombe chini.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa mwisho wa Mdachi, yaani Mjerumani, hapa Dodoma. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nina mtoto wa miezi minne mgongoni, na mume wangu Feruzi alikuwa askari mwenye kovu refu kutoka sikio hadi kidevu. Tulikaa kambini nyuma ya boma, katika safu ndefu ya vyumba vya udongo vilivyopakana. Kati ya chumba na chumba hapakuwa na ukuta hasa, ni mabua yaliyokandikwa tope jembamba, na tope likikauka hupasuka. Basi kila neno lilivuka. Nilijua nani kamnunia mumewe na nani anakula peke yake mlango ukiwa umefungwa. Na wao walijua yangu. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati la Feruzi, mafiga matatu, na msumari wa kutundikia bunduki. Feruzi alipoondoka msumari ulibaki mtupu, nami nikautundikia nepi za mtoto.

Waliondoka kwa gari moshi, kombania nzima ya askari. Siku chache kabla ya hapo askari walitumwa vijijini kukusanya wapagazi. Niliwaona wakirudi, Feruzi mbele, na nyuma yake vijana wa Kigogo wamefungwa kamba moja. Alikuja chumbani na vumbi mpaka kwenye kope, akala ugali wake wa uwele. Nilimuuliza wale watu wanakwenda wapi. "Wanakokwenda mizigo," akasema, akaomba maji. Sikuuliza tena. Siku ya safari tuliwaimbia stesheni mpaka sauti zikakauka, kisha tukarudi kambini, wanawake na watoto watupu, na kimya cha ile safu ya vyumba kilinitisha kuliko bunduki.

Hapo ndipo nilipomjua vizuri Bi Shaush. Alikuwa mke wa shaush, yaani sajenti wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na asubuhi ya kwanza tu alitupanga mstari mbele ya milango yetu akatuita majina, mmoja mmoja, na watoto wetu. Huyu maji, huyu kuni, huyu kutwanga. Tulimcheka pembeni, tukisema shaush ameondoka akaacha shaush mkubwa zaidi. Lakini yeye ndiye aliyetuweka hai. Aliamuru hakuna kula peke yako. Kila chungu kilitolewa nje, akaonja yeye kwanza, tukala kwa makundi. Habari ya kifo cha mume wa mwenzetu mmoja ilipofika, hakuruhusu aambiwe akiwa peke yake. Tulihamishia mikeka yetu chumbani kwake sote, tukajazana, ndipo akamwambia, na tulimpikia kwa zamu mpaka arobaini ikaisha. Nimeona misaada mingi baadaye, ya misikiti na ya makanisa, lakini sijaona kama ule wa wanawake wale wenye njaa. Nasema haya kwa sababu nitakayoyasema mbele si mazuri, na sitaki aonekane mtu mbaya.

Maana mikono ile ile iliyotushika ndiyo iliyotuzungushia ua. Posho kutoka bomani ilipungua, kisha ikawa inakuja na kutokuja. Tukienda sokoni, wauza mboga walifunika vikapu vyao tulipokaribia. Waume zetu walikuwa wamechukua ng'ombe wao, nafaka yao na watoto wao, nasi ndio tuliobaki machoni pao. Bi Shaush akatoa amri kwamba chochote kitokacho kwa Wagogo kisiingie kinywani mwetu, hata kikiletwa kwa tabasamu, hasa kikiletwa kwa tabasamu. "Wewe ungekuwa wao," alituuliza, "usingetia kitu?" Kila mmoja wetu alijibu moyoni kwamba angetia.

Ndipo nikapata homa, na homa ilipopoa maziwa yangu yakawa yamekauka. Wenzangu wawili waliokuwa wananyonyesha walimchukua Mabruk kwa zamu, bila kuombwa, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Lakini nao walikuwa wanakula kidogo, na watoto wao walilia. Mwanangu akaanza kuwa na uso wa mzee. Hakulia tena kwa nguvu, alikuwa ananung'unika tu. Niliogopa mpaka nikawa siwezi kumtazama.

Mchana mmoja alisimama mwanamke mwisho wa safu ya vyumba, kibuyu kirefu mkononi, shanga shingoni, masikio yametogwa matundu mapana. "Mbukwa," akasalimia. Hakuna aliyeitikia. Akasema kwa Kiswahili cha kusitasita, "Namtafuta mke wa askari mwenye kovu." Wote wakageuka kunitazama. Nikajiuliza kwa nini mimi katika wanawake wote wale. Aliweka kibuyu mlangoni kwangu, akamtazama mtoto, akasema, "Ni maziwa ya mtoto," akaondoka.

Nilipoyamimina bakulini yalikuwa na chembechembe nyeusi, na yananuka moshi. Bi Shaush aliingiza kidole, akakitazama juani kama anayesoma barua. "Mmeona?" akasema. Tukampa paka. Paka akayanywa yote, akajilamba, akalala usingizi mzito, nasi tukamzunguka tukimsubiri afe. Mmoja wetu akaanza hata kumlilia. Paka akaamka baadaye, akajinyoosha, akaja kutudai mengine. Bi Shaush akasema sumu nyingine huchelewa. Kibuyu tukakisugua kwa mchanga na majivu, ndani na nje, kwa fimbo yenye kitambaa, mpaka kikatoa maji meupe, tukakianika jua kali, na mwanamke yule aliporudi siku ya tatu tukamrudishia. Alikinusa, akatutazama kwa mshangao. Alikuwa na kibuyu kingine, lakini kile tulichokisugua ndicho alichokijaza safari iliyofuata.

Safari hiyo mwanangu alikuwa hoi, nami sikusubiri ruhusa ya mtu. Nilijifungia, nikayapasha moto maziwa, nikamnywesha kwa kijiko. Hayakuwa na chembe nyeusi, na hilo lilinipa moyo. Mchana huo huo akaharisha vibaya. Nililia kwa sauti, na kwa kuwa kuta zetu zilikuwa vile, kambi nzima ilijua dakika ile ile nilichofanya. Bi Shaush aliingia, hakunigombeza. Alimchukua mtoto akampa maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka akatulia. Kisha akasema, "Akija tena nitamshika mimi."

Alimshika kweli. Walisimama mbele ya mlango wangu, Bi Shaush amemkamata mwenzake mkono, nasi tumewazunguka. "Umemlisha nini mtoto wa askari?" Matika, maana ndilo jina alilotupa siku hiyo, hakutikisika. Aliomba kile kibuyu, akakinusa, akaninusisha na mimi. Kilinuka uchachu. "Mmekiosha," akasema, kama mtu anayeona kitoto kimemwaga unga. "Kibuyu hakioshwi hivyo. Mngemuua wenyewe." Akaomba moto. Akachukua kijinga cha mti aliokuja nao, akakitia ndani ya kibuyu kikiwaka, akakizungusha, akakifunika, moshi ukatoka shingoni, akarudia mara tatu. Zile chembe nyeusi zilikuwa mkaa, ndio usafi wao, ndio unaozuia maziwa kuharibika, nasi kwa kuogopa sumu tuliusugua wote tukaleta sumu wenyewe. Bi Shaush hakuona haya hata kidogo. "Kunywa wewe kwanza," akamwambia. Matika akanywa kutoka kibuyu kipya, akameza, akafuta mdomo, akampa. Tangu siku hiyo alikuja kila siku ya pili, akiacha njia nzima kutoka Zuzu nyuma yake, na kila mara Bi Shaush alimwambia anywe kwanza. Mabruk akanenepa. Nami nilimnusia kibuyu kila mara mbele ya macho yake. Alikuwa akicheka.

Baada ya kama mwezi na nusu alizoea kuingia chumbani na kumpakata mtoto. Siku moja alisema, "Karani wenu wa bomani anawaandikia waume zenu." Ilikuwa kweli. Mara moja kwa mwezi karani alikaa barazani, tukasimama mstari, kila mmoja akasema maneno machache yaende na gari moshi. "Mwambie mumeo," Matika akasema, naye akayasema polepole kama aliyeyakariri njiani, "Ndahani wa Matika, wa Zuzu, jino lake la mbele limevunjika, ni mwanangu, amebeba mizigo yenu. Mwambie mtoto wake anakunywa maziwa yangu. Basi. Maneno hayo tu."

Nikamuuliza alimjuaje mume wangu. Alinigusa shavu, kutoka sikio hadi kidevu. "Si ndiye mwenye kovu hapa? Ndiye aliyemfunga kamba mwanangu. Niliwafuata mpaka stesheni."

"Kwa hiyo ulikuja kwangu makusudi?"

"Makusudi. Ningekwenda kwa nani tena? Wako yuko naye. Namlisha wako, naye amlishe wangu."

Badala ya kuona alichokuwa ananiambia, nilichoona ni kwamba mwanamke huyu alikuwa na kisasi na nyumba yangu, na mwanangu alikuwa mapajani mwake. Nilimpokonya mtoto kwa kisingizio cha kumbadilisha. Alipoondoka sikuhitaji kumsimulia Bi Shaush. "Nimesikia yote," akasema kutoka upande wa pili wa mabua, kisha akaja akakaa kwenye sanduku la Feruzi. "Mtu aliyechukuliwa mwanawe akuletee maziwa kwa mapenzi gani? Leo anataka jina lipelekwe, kesho atauliza kombania iko wapi. Waingereza wanasemekana wako Kondoa, na wana masikio kila mahali. Na hata kama ni mwema, mwanangu, umesahau sheria yetu?"

Sikuwa nimeisahau. Sheria ilikuwa kwamba mtu aliye vitani hapelekewi mabaya. Sote wazima, watoto wazima, tunawasubiri, basi. Aliamini askari akipata habari ya shida nyumbani atatoroka au atasimama mahali pasipo pa kusimama. "Ukimwambia mtoto wake ananyweshwa na Wagogo," Bi Shaush akasema, "umemwambia huna maziwa na posho haiji. Unataka afe?" Sikutaka afe.

Zamu yangu ilipofika barazani, Bi Shaush alikuwa nyuma yangu, lakini hakunishika mdomo. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia alinishika. Karani aliinua macho. Nikasema sote wazima, mtoto mzima, tunakusubiri. Kalamu ikakwaruza. "Umemaliza?" akauliza. Yale maneno ya Matika yalikuwa hapa kooni, mafupi, nimeyakariri hata mimi. "Nimemaliza," nikasema.

Siku ya pili yake Matika alikuja. Hakuweka hata kibuyu chini. "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. Ulimi haukunishinda. Nilikuwa na hofu kwamba nikisema sikumwambia, maziwa yatakoma, na mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kucheka. Mwezi uliofuata gari moshi lilileta majibu machache. Langu lilikuwa la maneno manne, mzima, salamu, vumilia, Feruzi. Matika alilisikia gari moshi likija, akaja mbio kutoka mashambani na jembe lake. "Amejibu nini?"

Ningeweza kusema hakujibu. Ungekuwa uongo mdogo zaidi. Lakini alikuwa amesimama pale anahema, na jembe, na nilitaka uso ule ufurahi, na nilitaka pia, sitaficha, asiache kuja. Nikasema, "Amesema Ndahani yuko naye. Anakula vizuri."

Matika alikaa chini palepale vumbini. Alicheka, akajifunika uso, akacheka tena. Akataka niseme mara ya pili, nikasema. Kesho yake alileta samli, na kibuyu kimoja zaidi kwa ajili ya Bi Shaush, ambaye alinitazama sana. Alikuwa amesikia, bila shaka. Mwezi ule wote tulikuwa tukimwambia Matika anywe kwanza. Yeye hakuwahi kutuambia tuonje chetu.

Mdachi akaondoka, Mwingereza akaingia, kambi ikavunjwa na kila mmoja wetu akatafuta pa kujibanza. Bi Shaush alirudi kwao Tabora, mjane, akitupangia zamu za kumsindikiza stesheni mpaka dakika ya mwisho. Njaa kubwa ilipokuja baadaye, ni tembe ya Matika iliyonipa mimi na mtoto pa kulala. Feruzi alirejea vita vilipokwisha, meno machache, kovu limezama kwenye mifupa. Nilimwacha apumzike siku kadhaa, kisha nikampa uji na kumuuliza kama anamkumbuka mpagazi aitwaye Ndahani, wa Zuzu, jino la mbele limevunjika.

"Wapagazi hatukuwajua majina," akasema. "Tuliwaita kwa mizigo. Sanduku, we. Sufuria, we."

"Hata mmoja?"

Alifikiri, kijiko kikiwa hewani. "Wawili watatu tuliwajua. Mpishi alikuwa na ndugu yake. Tuliyemjua jina akianguka, tulisimama. Wengine tulipita." Akaendelea kunywa uji. Sikumwambia kwa nini nimeuliza, mpaka anakufa.

Wala sikumwambia Matika. Nilikwenda Zuzu kila mavuno nikiwa nimekusudia, nikarudi sijasema. Hakumlilia Ndahani kwa sababu mtu anayekula vizuri haliliwi, yuko tu mahali, barabara imemchelewesha. Alimwekea ndama, ndama akawa ng'ombe, ng'ombe akazaa. Alipobatizwa uzeeni alimwombea kama mtu aliye safarini. Mimi niliyemnusia kila alichoniletea ndiye niliyemlisha kitu kibaya, naye hakukinusa hata mara moja. Najuta. Sina neno jingine la kuweka hapa.

Basi siku ya maziko nilisimama. Nilikuwa nimeamua, kweli nilikuwa nimeamua, kusema yote. Nilianza kwa kuyasema maneno yake kama alivyonipa: Ndahani wa Matika, wa Zuzu, jino lake la mbele limevunjika, ni mwanangu, amebeba mizigo yenu. Yalitoka bila kukosea hata moja. Wajukuu ambao hawakuwahi kumwona walikuwa wameinamisha vichwa, na Ester amenikazia macho, macho yaleyale ya mamaye siku ile ya jembe. "Na jibu, Mama?" akasema kwa sauti ndogo. "Waambie jibu."

Nikasema, "Alijibu yuko naye. Anakula vizuri." Wanawake wakapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha machozi. Makaburini wakaweka jiwe la Ndahani kando ya kaburi la mama yake.

Tulirudi jua likiwa bado juu. Ester alikuwa amenipa kibuyu cha maziwa nikipakate, na safari hii sikukinusa. Tulipoivuka reli Mabruk akapunguza mwendo. Ana miaka karibu hamsini, mtu mzima, mvi masikioni, na mwili huo wote ulijengwa na vibuyu kama kile.

"Mama," akasema, "baba aliwahi kuniambia hawakuwajua wapagazi kwa majina."

"Tazama barabara," nikamwambia.

Akatazama barabara. Kisha akageuka tena taratibu akanitazama mimi, kama ninavyoitazama chai ya watu.